Namba Niliyoikata kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa mwalimu wa hesabu Biharamulo, na nilikuwa mjuaji. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili. Mwanafunzi akikosea nilimkata kwa wino mwekundu mpaka karatasi inatoboka. Na si wanafunzi tu. Nilimkata hata mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla mimi sijazaliwa, na namba yake niliyoikata ilikuwa ya moyo wa baba yangu.

Nje kidogo ya mji palikuwa na zahanati ya misheni ambayo sitaitaja. Walikuwa na mashine ya kupima moyo, msaada kutoka Ulaya, sanduku la chuma lenye nyaya na vikombe vidogo vinavyonyonya ngozi ya kifua. Mgonjwa akilazwa na jenereta ikiwashwa, kalamu ya mashine ilichezacheza na utepe wa karatasi ukatoka taratibu, umechorwa milima na miiba. Karatasi yenyewe ilikuwa ya miraba, kama daftari la hesabu. Ndiyo iliyonivuta. Daktari alikuwa na tepe nyingi na saa chache, akamwomba mwalimu mkuu wetu mtu anayejua namba ajitolee mchana baada ya vipindi. Enzi zile kujitolea ilikuwa wimbo wa kila siku, na mimi nilikuwa na kiherehere, nikanyoosha mkono wa kwanza.

Daktari alinifundisha kwa robo saa tu. Moyo una umeme wake mdogo, alisema, na mashine inauchora. Kile kilima kifupi ni chumba cha juu cha moyo kikiita. Ule mwiba mrefu unaofuata ni chumba cha chini kikiitika.

"Vilima niachie mimi," akaniambia. "Wewe pima kutoka mwiba hadi mwiba. Ona ni miraba mikubwa mingapi, kisha gawanya mia sita kwa idadi hiyo. Jibu ni mapigo ya dakika moja. Ukikuta miiba haiendi sawasawa, weka alama."

Basi. Nilichukua bikari yangu ya shule, nikaweka mguu mmoja juu ya mwiba na mwingine juu ya mwiba wa pili, nikapima, nikagawanya. Miraba minane, mapigo sabini na tano. Miraba sita, mapigo mia. Loo, nilifurahi! Moyo wa binadamu, kitu kinacholiliwa na kuombewa, umegeuka kuwa mgawanyo wa darasa la nne. Na katika furaha yote ile, mwalimu mzima wa hesabu, sikuuliza hiyo mia sita imetoka wapi.

Halafu vita ikaja. Adui alikuwa ameingia kaskazini mwa mkoa wetu, na redio ya mwalimu mkuu ilizungukwa na watu asubuhi na jioni. Malori karibu yote yalichukuliwa na jeshi. Tulichimba mahandaki pembeni mwa uwanja wa shule, tukawafundisha watoto kulala kifudifudi ndege ikipita. Ndege yoyote. Siku moja ilipita moja, haikuwa hata ya adui, na mtoto mmoja wa darasa la pili alijikojolea akiwa amenishika sketi. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka na kumwambia anyamaze.

Daktari naye alichukuliwa na jeshi kutibu majeruhi. Aliahidi kurudi siku mojamoja atakapopata nafasi, asaini na kusoma vilima vyake. Zahanati ikabaki na yule mama muuguzi. Wote tulimwita Mama. Yeye ndiye aliyewafunga wagonjwa nyaya, yeye aliyeshika mkono wa kila mmoja na kuhesabu mapigo kwa saa yake aliyoibandika kifuani, akaandika idadi kwenye kikaratasi na kukipachika kwenye utepe. Mimi nilipima, nikagawanya, nikajaza jedwali la daktari.

Haikupita muda, namba zake na zangu zikaacha kupatana. Yeye kaandika sabini na tano, mimi napata mia hamsini. Yeye sitini, mimi mia na ishirini. Kila mara nusu kamili. Nikacheka peke yangu. Nilijua, au nilijiona najua: wauguzi wengi huhesabu nusu dakika kisha wanazidisha mara mbili. Mama kachoka, yuko peke yake na wodi nzima, anasahau kuzidisha. Sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa adabu, na mimi nilikuwa na kalamu nyekundu. Kila kikaratasi chake nikakikata, nikaandika yangu pembeni.

Na zile mia hamsini na mia ishirini je, hazikunishtua? Hazikunishtua hata kidogo. Nilisema ni vita. Wagonjwa wenyewe wamesikia kwamba daraja limevunjwa na watu wa kaskazini wanakimbia na magodoro kichwani. Nani moyo wake usingemwenda mbio? Nilikuwa na hofu mimi, nikaona hofu katika kila utepe.

Hapo ndipo Baba alipofika kutoka Murukulazo.

Baba alikuwa mkulima wa Ngara, Mkatoliki wa kushika rozari hata akipalilia. Yeye na majirani walipohamishwa kutoka mashambani kuja kukaa pamoja kando ya barabara, aliacha migomba ya babu yake bila neno, akajenga upya. Alilima shamba la kijiji siku zilizopangwa, hakukosa. Lakini mwaka ule alianza kuanguka. Anainua jembe, macho yanaingia giza, yuko chini. Baada ya kitambo anaamka na kuomba radhi. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee anakwepa kazi. Mzee kupe. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa haki kwa namna yake, akamwambia alete karatasi ya hospitali: kama anaumwa, atapumzishwa, kama ni mzima, alime na wenzake.

"Umutima," aliniambia Baba kwa Kihangaza, akigonga kifua kwa kidole. "Kuna wakati unasimama unanisikiliza."

Mama alimfunga nyaya, akamshika mkono muda mrefu. Kabla hajasema lolote aliitwa wodini, kuna mjamzito amezidiwa. Akaniachia utepe na kikaratasi juu ya meza. Kikaratasi kilisema arobaini.

Nikapima. Mwiba hadi mwiba, miraba saba na nusu. Tena, saba na nusu. Tena, saba na nusu, miiba imepangana kama askari wa gwaride. Mia sita gawanya kwa saba na nusu ni themanini. Machozi ya furaha yalinitoka, sitaficha. Katika watu wote wale ambao mioyo yao ilikuwa ikienda mbio, baba yangu peke yake alikuwa ametulia. Nikaikata ile arobaini. Vilima niliviona, vimekaa ovyoovyo, kingine kabla ya mwiba, kingine kimeupanda mwiba mgongoni. Lakini vilima ni vya daktari, na jenereta ilikuwa ikitetemesha meza.

Nikaandika barua kwa mwenyekiti kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: moyo wake ni mzima, mapigo themanini kwa dakika, anaweza kulima. Muhuri wa zahanati ulikuwa palepale. Nikaugonga mwenyewe. Baba akaikunja barua mara nne akaitia mfukoni pamoja na rozari, akapata nafasi kwenye lori la wanajeshi lililokuwa likienda upande wa Ngara.

"Basi ni uzee tu," alisema, akanipungia. Mama alipotoka wodini lori lilikuwa limekwisha kuondoka, na utepe nilikuwa nimekwisha kuutia kwenye faili la daktari.

Siku kumi zikapita. Siku ya kumi na moja nilikuwa mezani zahanati, hofu imenijaa, mikono ya baridi. Walikuwa wametangaza kwamba walimu nao wataandikishwa mgambo. Mama aliniona, akanilaza. "Hebu tukuone na wewe," akasema. "Jenereta bado inakwenda."

Niliupima utepe wangu mwenyewe nikiwa bado nimekaa kitandani na dawa nzito ya kunasisha vikombe kifuani. Miraba mitatu. Mia mbili.

"Mama," nikasema, "mimi nakufa?"

Akanishika mkono, akatazama saa yake. Alihesabu kwa midomo, na mimi nikauangalia mshale wa sekunde. Ulizunguka ukapita chini, ukapanda, ukarudi juu kabisa. Dakika nzima.

"Mia," akasema. "Umeogopa, lakini hufi."

"Mama, wewe huhesabu nusu dakika."

"Nani? Mimi?" Aliuachia mkono wangu kana kwamba nimemtukana. "Mwalimu, nahesabu dakika nzima tangu wewe hujazaliwa. Nusu dakika ni ya wavivu."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama kuna kitu chochote amekibadilisha kwenye mashine.

"Hakuna." Kisha akafikiri. "Nimesogeza tu hii swichi. Karatasi zinatuishia, na vita hii zingine hazitakuja. Ikiwa hapa, utepe unatoka polepole, mgonjwa mmoja anatumia nusu. Mchoro si ni uleule?"

Swichi ilikuwa na namba mbili. Hamsini na ishirini na tano. Milimita kwa sekunde. Nilikuwa nimeziona kila siku kama mtu anavyoona kovu la jirani. Mraba mkubwa ni milimita tano, na karatasi ikienda mbio ya hamsini, dakika moja inapita miraba mikubwa mia sita. Ikienda ishirini na tano inapita mia tatu. Mia sita ilikuwa imetoka hapo. Mama alikuwa amebana matumizi kama tulivyohimizwa wote, hakukosa kitu. Mia tatu gawanya kwa saba na nusu.

Arobaini.

Mungu wangu! Nililifungua faili, nikautoa utepe wa Baba, nikaulaza mezani, kwa haraka mpaka bikari ikanichoma kidole. Sasa nilivipima vile vilima nilivyokatazwa. Kutoka kilima hadi kilima, miraba minne, kila mara minne, hata kile kilichojificha ndani ya mwiba kilikuwa mahali pake. Nikachora mistari miwili kwenye karatasi ya mtihani: juu nikatia nukta za vilima kila baada ya minne, chini nukta za miiba kila baada ya saba na nusu. Nikajaribu kuunganisha kila kilima na mwiba wake. Haikuwezekana. Vilikuwa na hesabu yao na miiba ilikuwa na yake. Chumba cha juu kiliita mara sabini na tano kwa dakika, na cha chini hakikusikia hata mara moja. Kilikuwa kinapiga kwa kukisia, peke yake, na kingeweza kuchoka wakati wowote.

Na mtu huyo nilikuwa nimempa jembe.

Mama alivua saa yake kifuani akanibandika. "Nenda," alisema. "Umtoe hadi barabarani, umpandishe chochote kinachokwenda Mwanza. Hapa hatuna la kumfanyia." Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Asubuhi mwalimu mkuu aliniandikia kibali cha kusafiri, nikapata lori la chumvi. Kule porini, kabla ya kufika Kasulo, palikuwa na kizuizi cha mgambo. Wakatupekua. Kijana mmoja mwenye bunduki akatoa utepe wa Baba kwenye mkoba wangu, akaukunjua, ukawa mrefu kama mkono wake. Akaangalia ile miiba. Akaangalia karatasi yangu yenye nukta na mistari.

"Hii ni nini?"

"Moyo."

"Moyo gani una miraba? Jamani, huyu kabeba ramani ya adui!"

Nikamwambia ni moyo wa baba yangu, unakufa, naomba anirudishie. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa jasusi. Kwamba vilima vinaita na miiba haiitiki, ebo, hata mimi nilijisikia ninavyosema. Nikapandwa na hasira, nikamwita mjinga. Hapo lori likaruhusiwa kuondoka, mimi nikakalishwa chini ya jua nimeelekezewa bunduki, na nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa, si bunduki ile, bali saa iliyokuwa ikinigonga kifuani. Kila dakika iliyopita nilikuwa najua ni mapigo arobaini, labda pungufu, na hakuna anayeyahesabu.

Alasiri akaja mkubwa wao, mtu wa Ngara. Alinisemesha Kihangaza, akaniuliza baba yangu ni nani na kilima chetu ni kipi. Nilipomjibu akakunja utepe kwa uangalifu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nenda, dada. Pole." Nikatembea. Kasulo nililala kwa mwalimu mwenzangu, na kabla jua halijapanda nilikuwa njiani kuelekea Murukulazo kwa miguu.

Walikuwa shamba la kijiji, wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka. Baba alikuwa mwisho wa mstari. Alikuwa amekonda na midomo imekuwa ya kijivu. Aliponiona akatabasamu na jembe likabaki juu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Shule imefungwa?"

Nilimnyang'anya jembe. Nikamkalisha kwenye tuta, nikamshika mkono, nikatazama mshale wa sekunde mpaka umezunguka wote. Thelathini na sita. Katikati palikuwa na mahali ambapo nilisubiri, nikasubiri, nikataka kupiga kelele, ndipo moyo ukapiga.

Mwenyekiti alikuja akijifuta jasho. "Mwalimu, kuna nini? Barua yako tuliisoma mbele ya kijiji kizima. Tukamwomba mzee radhi, wote."

"Ameanguka tena?" nikauliza.

Baba akasema hapana. Lakini mama mmoja jirani, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Mara tatu. Juzi kwenye mihogo alilala mpaka tukamwagia maji. Akasema ameteleza."

Nilimgeukia Baba kwa ukali, ndiyo, hata hapo nilikuwa na ukali. "Kwa nini hukusema?"

Alifuta udongo viganjani. "Ningesemaje, mwanangu? Karatasi yako imesomwa mbele ya watu. Nikisema naumwa, watasema binti yangu mwongo, au hajui hesabu. Nani tena angekupa mtoto umfundishe?"

Nilitaka kumwambia palepale, mbele ya wale watu wote na majembe yao, kwamba nimekosea. Mdomo ulikataa. Nilimwambia mwenyekiti tu kwamba kipimo cha pili ni kibaya na mzee lazima apelekwe Mwanza. Mwenyekiti hakuuliza mara mbili.

Alfajiri walikuja wanaume wanane na ingobyi, lile tenga refu la kubebea wagonjwa kwa miti mabegani. Mwenyekiti alishika mti wa mbele mwenyewe. Wanne walibeba, wanne walipumzika, wakipokezana kila kilima bila kumweka Baba chini, kama ilivyo desturi. Mimi nilitembea ubavuni, nimeshika mkono wake uliotoka nje ya blanketi, na jicho langu kwenye saa ya Mama. Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Nilihesabu kila dakika nzima, kama wanavyohesabu wasio wavivu.

Kwenye mteremko wa mwisho, barabara ikianza kuonekana, nilipata ishirini na sita. Nikadhani nimekosea. Nikaanza upya.

Baba akafumbua macho. "Ngapi, mwalimu?"

Hakuwa amewahi kuniita mwalimu. Wanaume wale wote walikuwa wakisikia, na mwenyekiti aligeuza kichwa kidogo.

"Themanini, Baba," nikasema.

Akafumba macho, ameridhika kabisa. "Niliwaambia," akasema. "Huyu wangu hakosei."

Niliendelea kuushika mkono ule mpaka tukafika barabarani. Wabebaji waliniuliza kama nasikia lori, na hawakujua kwamba tangu kule juu nilikuwa nimeacha kuhesabu, maana hapakuwa tena na cha kuhesabu.